Lenta Iliyolazwa Wodini

Usiku wa kuamkia leo nimeota lenta ya wodi ya wazazi imelazwa kitandani, imewekewa dripu.

Lenta ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango. Hii niliimwaga mimi mwenyewe, Fundi Hyera. Sasa ina ufa wa kuingiza kucha, na asubuhi mhandisi anakuja na nyundo yake. Asiporidhika, wodi inavunjwa, na kina mama wa kijiji chetu wanarudi kujifungulia njiani kama alivyojifungua mke wangu. Hofu hiyo ndiyo niliyolala nayo.

"Shikamoo," nikaiamkia lenta, maana mgonjwa ni mgonjwa.

"Sina nguvu ya kuitikia," ikasema. "Zege humwagiliwa siku saba. Wewe umenimwagilia mbili."

Kweli tupu. Nilimwaga Ijumaa, nikamwagilia Jumamosi na Jumapili, kisha nikaenda zangu Mbinga kwenye harusi ya shemeji. Nilijiambia mvua itanisaidia. Mvua yenyewe haikuja.

Nesi Thekla wa zahanati anapita, anasoma faili. "Huyu amekauka kabla ya kukomaa. Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

Nanyoosha mkono. Aibu niliyoipata siisemi.

Kufumba na kufumbua tuko machimbo ya chokaa, jua la saa sita, kitanda na dripu yake. Mbele yetu wamekaa watu watano wenye gumboti, kila mmoja na ndoo. Ni Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, zile siku nilizokuwa harusini.

"Tulifika kazini tukakuta hakuna fundi," anasema Jumatano. Ni mama mnene, hana haraka. "Tumekaa hapa tangu siku hiyo."

"Mnisamehe, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Yako hata hayakumwagika," inadakia lenta.

Jumatano ananionyesha ndoo yake. Ndani mna vidudu wadogo kuliko vumbi. "Hawa siku hizi wanachanganywa kwenye zege. Wanalala humo miaka. Ufa ukiingiza maji wanaamka, wanakula, wanatoa chokaa, ufa unaziba. Ila hawa wangu lazima waombwe na aliyekosa."

Napiga magoti kwenye kokoto. "Wakubwa," nawaambia vidudu, "kosa ni langu. Nilijua sheria nikafuata pilau. Msiwaadhibu kina mama."

Kidudu mmoja anauliza, "Pilau ilikuwa na nyama?"

"Ilikuwa nayo."

"Basi huyu anasema kweli."

Kazi inaanza. Siku tano zinamwaga maji kwa zamu, vidudu wanatoa chokaa, mimi nabeba ndoo huku naimba kama chizi. Ufa unajifumba. Lenta inang'oa dripu, inakaa, inasimama, inapanda yenyewe juu ya mlango wake. Mhandisi anachomoza ukutani, anagonga. Ngo! Huo ni mlio wa zege zima. Nikalia kwa furaha, wala sioni haya kusema.

Simu ikaniamsha, jua limeshatoka. Ni Nesi Thekla.

"Fundi, mhandisi ameshagonga lenta yote. Kasema wodi ifunguliwe leo leo. Ufa hauonekani, kuna mstari mweupe tu."

"Mungu mkubwa, dada."

"Ila anauliza nani amemwagilia. Lenta inachuruzika, na bomba letu halitoi maji tangu juzi."

"Mwambie ni Jumatano. Mama mmoja mnene, ana gumboti."

"Kumbe ndiye huyo," akasema. "Nimepishana naye getini na ndoo yake. Anakusalimu. Anasema harusi nyingine uende siku ya nane."