Mama Hajanawa

Kaka yangu hajawahi kumnunulia Mama hata soda bila kuombwa, kwa hiyo aliposema anatupeleka matembezini Jumamosi na Jumapili, kila mlo hotelini, nilijua kuna jambo. Nilikuwa cherehanini, kwenye baraza ya Mama, nashona sare za shule na pini zimejaa mdomoni. Nikazitoa kwanza, nikamuuliza, "Nani amekufa?"

Akacheka. Tunamwita Bosi tangu utotoni, kwa sababu alikuwa anagawa kazi na yeye hafanyi hata moja. Sasa ana duka la matairi na jina limemkaa vizuri.

"Sindano, wewe nawe," akasema. "Mtu hawezi kumfurahisha mama yake?"

Anaweza, kwa nini asiweze. Ila huyu mwaka mzima alikuwa anakuja kwa jambo moja tu, nyumba. Baba alipofariki, nyumba iliandikwa jina la Bosi, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye wa kiume, na hakuna aliyeona ubaya. Sasa alitaka kuiuza afungue duka la pili. Mama akasema hatoki. Hakupiga kelele, Mama hana kelele. Alisema tu, "Nitatoka nikibebwa," akaendelea kuchambua mchele. Mimi naishi naye humo humo, chumba cha nyuma, na kazi yangu iko barazani kwake. Kwa hiyo nisijifanye nilikuwa namtetea yeye peke yake.

Jioni nilimfuata uani. Alikuwa anawafungia kuku wake.

"Mama, huyu anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Atakulisha, akiona umeshiba umelegea, atalileta lile la nyumba."

Mama akatia komeo mlango wa banda. "Atalileta saa ngapi? Mezani hakuna kesi."

Hapo nikacheka, nikaelewa kwamba amekubali safari.

Baba alikuwa karani wa mahakama. Alisema kesi amezisikia kutwa nzima, hataki kuzisikia tena na tonge mdomoni. Ndiyo ikawa sheria ya nyumba yetu. Kosa lolote, lawama yoyote, haitajwi mezani mpaka Mama anawe mikono, kwa sababu Mama ndiye anayemaliza kula wa mwisho. Mama akinawa, mahakama imefunguliwa. Na Mama aliijua sheria hiyo kuliko aliyeitunga. Siku tuliyovunja kitu, au mwalimu mkuu alipotuma ujumbe, Mama alikula polepole mpaka wali ukapoa. Aliongeza mchuzi. Alichokonoa mfupa ambao hata paka angeuacha. Baba amekaa, fimbo iko pembeni, hasira inapungua na usingizi unaongezeka, mwisho anakwenda kulala bila kumgusa mtu. Aliyeokolewa mara nyingi kuliko wote ni Bosi, maana utundu wote ulikuwa wake.

Basi Jumamosi asubuhi tukaondoka. Bosi kwenye usukani, mkewe pembeni yake, mimi na Mama nyuma. Kabla gari halijawaka, Bosi akashusha kioo. "Mama, ufunguo. Mlinzi wangu wa dukani atapita kuwalisha kuku."

Mama akafungua fundo la leso yake, akampa mlinzi, aliyekuwa amesimama kando ya gari, ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, na akamwambia maji yabadilishwe asubuhi na jioni.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa kando ya kituo cha mafuta, viti vya chuma, meza zimefunikwa plastiki inayonata viwiko. Wifi yangu akapiga picha vikombe vya chai kabla mtu hajagusa. Halafu akampiga picha Mama. "Mama, inua kikombe kidogo. Hivyo hivyo." Akaituma kwa ndugu wote, nikasikia simu inalia pongezi moja baada ya nyingine.

Mama kwa kawaida asubuhi anakula kipande kimoja cha mkate na chai. Siku hiyo aliagiza mayai. Alipoyamaliza akaagiza mkate mwingine, akaupaka siagi kama fundi anayepaka lipu. Bosi akakohoa. "Mama, kuna kitu nilitaka..."

"Nakula, mwanangu."

"Kula, Mama," akasema Bosi, akaegemea kiti. "Kula tu. Hatuna haraka."

Nikamminya Mama goti chini ya meza. Nilifurahi, sikufichi. Nilimwona Bosi amenasa kwenye sheria ya baba yake mwenyewe, na hawezi kuivunja mbele ya mama yake.

Chakula cha mchana tulikula hoteli kubwa, ya vitambaa vyeupe na wahudumu wanaotembea mikono nyuma. Bosi aliagiza kuku wa kuoka, wali, viazi, saladi, supu ya kuanzia, utadhani anaoa. Mama alianza na supu, kijiko kwa kijiko, anapuliza hata ilipokuwa imeshapoa. Akaja kwa kuku. Meza za jirani zilijaa zikabaki tupu, zikajaa tena, Mama bado yuko kwenye paja. Akanyonya mifupa mmoja mmoja. Wifi akapiga picha tena. Bosi akatoka nje kuongea na simu, akarudi anatabasamu, akamuuliza Mama kama ataongeza matunda.

"Nitaongeza," akasema Mama.

Mwisho akamwita mhudumu amfungie mabaki, wali na maganda ya viazi, kwa ajili ya kuku wake. Wifi akainamisha uso. "Mama, hoteli kama hii watu hawabebi mabaki."

"Kuku wangu hawajui ni hoteli gani," akasema Mama.

Mhudumu akacheka, akafunga. Mfuko ule Mama aliuweka miguuni, na kila tuliposimama uliongezeka.

Jioni, chumbani kwenye nyumba ya wageni, Mama alilegeza mkanda wa sketi akakaa kitandani ameshika tumbo. Uso umempauka. Mtu wa umri wake, aliyezoea mlo wa ndege, alikuwa amekula siku moja chakula cha wiki. Nikamletea maji ya moto.

"Mama, acha. Utajiumiza."

"Tumbo litapona. Nyumba ikienda hairudi." Akanywa kidogo. "Baba yako hasira yake ilikuwa inakwisha sahani ya pili. Huyu sijui anahitaji ngapi."

"Huyu hana hasira, Mama. Huyu ana tamaa."

"Ni mwanangu," akasema. "Atapoa."

Nilitaka kumwambia tamaa haipoi kama wali, lakini alikuwa amefumba macho, nikamvua viatu.

Jumapili ikawa vile vile. Asubuhi mkahawa wa bustanini, mchana hoteli ya njiani yenye mafeni yanayolalamika darini. Kila mahali Bosi alikuwa mpole kuliko pa kwanza. Hakujaribu tena kuanza. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani, ikitetemeka anatoka nje, anarudi na furaha mpya, anamwagizia Mama kitu kingine. "Mama, wana maini hapa. Mama, onja na samaki." Mimi nikasema moyoni, jamaa amechoka. Ameshindwa anajikosha. Hata maini yale niliyala kwa raha, nikamwagizia Mama chumvi.

Kituo cha mwisho kilikuwa kimkahawa cha keki, tumeshakaribia nyumbani. Meza ndogo, kabati la vioo, redio inaongea peke yake juu ya friji. Mama aliagiza chai na keki. Nilimwona anavyoitazama ile keki. Alikuwa anaikata vipande vidogo kama anamlisha mtoto mgonjwa, na kila kipande kinashuka kwa taabu.

Simu ya Bosi ikatetemeka. Safari hii hakutoka. Alisoma, akaitia mfukoni kwa mara ya kwanza siku mbili zile, akamtazama mkewe, mkewe akatazama sahani.

"Mama," akasema Bosi, "sasa unaweza kunawa."

Mama aliacha uma. Halafu akainuka, akaenda kwenye sinki pale kona, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akarudi anajifuta na leso. Akakaa.

"Haya," akasema. "Sema."

"Nyumba imeshauzwa, Mama. Vitu vimetolewa jana na leo, vimekwisha sasa hivi. Hakuna kilichovunjika. Mwenyewe anaingia kesho asubuhi."

Sikuelewa mara moja, nakwambia ukweli. Nilikaa nasubiri amalizie, kama mtu anayesubiri chenji. Halafu nikamkumbuka mlinzi na ufunguo.

"Na cherehani yangu?" nikauliza.

"Iko stoo dukani, nyuma ya matairi. Imefunikwa."

Nikasimama. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa heshima, yeye na ukoo wake wote, nikasahau kwamba ukoo wenyewe ni wangu pia. Mhudumu akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri. Bosi alikuwa anamtazama Mama, na jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Ungeanzisha vurugu mlangoni, Mama. Majirani wangejaa. Nilitaka usione," akasema. "Nilijua ukikaa mezani hutanawa haraka. Ndiyo maana nikachagua hoteli."

Hapo ndipo nilipokaa. Siku mbili Mama amekula mpaka tumbo linamuuma, anadhani anaichelewesha kesi, kumbe kila tonge lilikuwa linawapa wabebaji nafasi ya kutoa kiti kingine. Kitanda cha Baba kilitoka tukiwa kwenye supu. Sheria iliyomwokoa na fimbo utoto wake wote, Bosi aliishika akamchapia nayo aliyemwokoa. Na picha zilikuwa zimeshasambaa. Kesho nikimlilia ndugu yeyote, ataniambia mbona tulimwona mama yenu anakula kuku anatabasamu.

Mama hakulia. Alikuwa anajifuta vidole, kimoja baada ya kingine, na vilikuwa vimeshakauka.

"Nilikuwa nakula ili upoe," akamwambia. "Baba yako alikuwa anapoa."

Bosi akaangalia meza.

"Na kuku wangu?" akauliza Mama.

Mama akamgeukia wifi, akauliza tena, kwa sauti ile ile.

"Vijana walibeba vitu kutwa nzima, Mama," akasema wifi. "Ilibidi wapate chakula."

"Wote?"

"Wale wakubwa. Vifaranga tumempa jirani."

Mama akainama chini ya meza, akautoa ule mfuko wake. Ulikuwa umevimba, wali wa hoteli kubwa, maganda, kingo za mkate za asubuhi mbili. Akauweka katikati ya meza, mbele ya Bosi, akaufungua fundo taratibu, kisha akausukuma kwake kidogo, kama anavyomsogezea mtoto sahani. Harufu ilikuwa imeanza kubadilika. Bosi akarudisha kiti nyuma, akasimama, akatoa ufunguo wa gari.

"Mama, twende. Nimekuandalia chumba kizuri uani kwangu, kina dirisha. Tuwahi kabla giza halijaingia."

Mama akamwita mhudumu. "Mwanangu, niletee chai nyingine."

"Mama," akasema Bosi, "si umeshanawa? Tumeshamaliza."

"Nimemaliza, ndiyo," akasema Mama. "Niwahi wapi?"

Mhudumu akaleta chai. Nikamwambia alete na yangu. Mama akatia sukari, akakoroga, akaanza kunywa polepole, na Bosi akabaki amesimama pale na ufunguo mkononi.