Kompyuta Inayomtambua Shemeji

Kompyuta ya Mama Nakshi ilikuwa na adabu kwa mtu mmoja tu hapa duniani, naye ni shemeji yake. Akija yeye, inawaka. Akishaondoka yeye, ukaizima, haiwaki tena hata uipigie magoti. Wewe ungefikiri nini? Basi na Mama Nakshi alifikiri hivyo hivyo.

Mama huyo alikuwa mdarizi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, alichoachiwa na marehemu mumewe pamoja na mashine ya kudarizi ya kizamani isiyo na kumbukumbu yake yenyewe. Kila nembo ilitoka kwenye kompyuta kupitia waya, kwa hiyo kompyuta ikigoma, mashine nayo inakaa bure. Na wiki hiyo haikuwa ya kukaa bure. Chuo cha wauguzi kilitaka nembo themanini za majoho ya mahafali, Ijumaa saa sita mchana. Mkuu wa chuo alishasema, bila kupepesa macho, kwamba zikichelewa tu, kazi zote za chuo zitahamia kwa mdarizi mwingine. Na chuo ndicho kilichokuwa kinamlisha.

Yote yalianza Jumapili. Shemeji, mdogo wa marehemu, mtu anayetunza kompyuta za zahanati, alikuja kumwekea Linux, maana mfumo wa zamani ulikuwa umejaa virusi na unajikongoja.

"Hii nyepesi, Shem. Utanishukuru," alisema.

Akachomeka flashi yenye mfumo mpya upande mmoja, akachomeka na flashi yake ya nyimbo upande wa pili, kwa sababu yule bwana hawezi kukaza hata skrubu bila magitaa ya zamani. Kazi ikaisha, wakajaribu, ikawaka vizuri. Akakusanya vitu vyake akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Mama Nakshi akabonyeza kitufe. Skrini nyeusi ti, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema hakuna diski ya kuwashia. Akazima, akawasha. Vile vile. Akapiga simu.

Shemeji akaja, akavua viatu, akajiweka kwenye kiti, akawasha. Kompyuta ikafunguka bila maneno, na muda si muda magitaa yakaanza kulia.

"Mbona inawaka?" Mama Nakshi akauliza.

"Sasa unaniuliza mimi?"

"Asubuhi imekataa, haki ya Mungu!"

"Labda ulibonyeza vibaya, Shem."

Ulibonyeza vibaya! Mtu mzima, miaka kumi na moja anabonyeza kitufe kile kile, leo afundishwe kubonyeza! Alinyamaza kwa heshima tu ya marehemu. Alifanya kazi mpaka jioni, akazima kama mumewe alivyomzoesha, akafunga mlango. Jumanne asubuhi skrini ikawa nyeusi tena.

Hapo ndipo wazo lilipoingia, na likishaingia wazo la namna hiyo halitoki. Alikumbuka wiki chache baada ya mazishi, Shemeji amesimama hapo hapo mlangoni, akisema, "Hii mashine ungeiuza, Shem, upumzike." Siku ile aliona ni huruma. Leo akaiona kwa jicho lingine. Kumbe! Mtu anataka chumba. Hawezi kumfukuza mjane wa kaka yake mchana kweupe, basi anamfungia kompyuta kidogo kidogo mpaka wateja wakimbie na achoke mwenyewe. Na nani ataweza kuthibitisha, wakati kila akiitwa yeye inawaka?

Damu ikamchemka. Kabla hata hajampigia Shemeji, alimpigia mama mkwe. Akamwaga yote. "Mwanao ananifanyia hila, mama. Kompyuta inamtii yeye peke yake. Anataka nitoke hapa." Mama mkwe alishusha pumzi, akasema amesikia.

Mchana Shemeji alipofika, hakuwa yule wa siku zote. Aliacha mlango wazi mpaka mwisho, watu wa barabarani wote wanaona ndani. Chai alikataa. Akawasha, ikawaka. Akafungua kompyuta akaangalia nyaya, akaigonga diski kwa kidole, mwishowe akaamua kuufuta mfumo na kuuweka upya wote, magitaa yakimliwaza. Michoro ilikuwa imehifadhiwa kwingine, haikupotea. Lakini hakusema maneno kumi.

"Ana jambo huyu," Mama Nakshi akajiambia. "Mtu mwenye moyo safi hakatai chai."

Jumatano ikawa ni hadithi ile ile. Jioni yake akasema hazimi ng'o, ikeshe. Akaifunika kitambaa, akaiacha inanguruma. Alfajiri umeme ukakatika, na uliporudi akakuta mstari ule ule mweupe unamtazama. Mwanamke alilia, jamani. Alilia kwa hasira, akapenga kamasi, akahesabu nembo: hamsini tayari, thelathini bado, na kila moja inakula robo saa.

Alhamisi saa mbili Shemeji akaingia, na safari hii hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, mwanamke anayeitwa Mkaguzi na ukoo mzima, maana hapiti penye kabati bila kupitisha kidole aone vumbi. Mkaguzi akasalimia, akaketi kwenye kochi la wateja, mkoba mapajani, akaanza kutazama: dari, dirisha, pembe za ukuta, mlango wa nyuma.

Kumbe ndiyo maana. Amekuja kupima chumba! Mama Nakshi akaapa moyoni kwamba leo liwalo na liwe.

Shemeji akakaa, mkono wa kushoto ukachomeka flashi, wa kulia ukabonyeza kitufe. Ikawaka.

"Si hiyo inawaka?" Mkaguzi akasema.

"Inawaka kwa sababu mumeo yupo," Mama Nakshi akajibu. "Akitoka tu, haiwaki. Tuseme ukweli leo. Kama ni chumba mnakitaka, semeni, msinifanye mwendawazimu."

Shemeji akainamisha kichwa. Magitaa yakaendelea kulia katikati ya aibu ile, yamechangamka kabisa, hayana habari.

"We, zima hayo manyimbo yako, watu wanaongea!" Mkaguzi akafoka. Akanyanyuka, akaichomoa flashi mwenyewe, akaitupia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. "Haya, dada. Mume wangu yupo, hajaenda popote. Izime, uiwashe wewe mwenyewe, na mimi nione."

Mama Nakshi akazima. Akawasha.

Skrini nyeusi. Hakuna diski ya kuwashia.

Wote watatu walitazama. Shemeji hakuwa amekiona kile kitu hata siku moja, wiki nzima. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. "Lakini nipo," akasema polepole. "Mbona nipo na haiwaki?" Kisha akageuka akautazama mkoba wa mkewe. "Nipe hiyo flashi."

Akaichomeka, akawasha. Kompyuta ikafunguka.

"Aisee!" Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi ni mjinga, Shem. Mjinga mkubwa! Kuna kipande kidogo cha programu kinachouamsha mfumo. Kilitakiwa kikae kwenye diski humu ndani. Mimi nimekiweka kwenye flashi ya nyimbo. Na Jumanne nimerudia kosa lile lile, kwa sababu ilikuwa imechomekwa hapo hapo inaniimbia!"

"Kwa hiyo ukienda na nyimbo zako..." Mkaguzi akaanza.

"Naenda na ufunguo."

Aliandika mistari miwili mitatu ya kukihamishia kile kipande kwenye diski, akasubiri, akachomoa flashi, akamrudishia mkewe. Mama Nakshi akabonyeza kitufe. Ikawaka. Akazima, akawasha mara ya pili na ya tatu, na kila mara ikawaka, bila flashi, kimya kabisa. Mashine ya kudarizi ikaanza nembo ya hamsini na moja. Sindano inapanda, inashuka, na muda bado unatosha.

Alicheka, Mama Nakshi, alicheka mpaka akashika ukuta. Aliyekuwa hacheki ni Shemeji.

"Mama alinipigia Jumanne," akasema, macho kwenye nyaya. "Aliniambia yote uliyomwambia. Ndiyo maana nikaacha mlango wazi. Ndiyo maana leo nimemwomba huyu aje. Nilitaka kuwe na mtu wa tatu, asije mwingine akasema nimefanya kitu."

Kicheko kikakatika. Jumanne. Kwa hiyo alikuja Jumanne, akaja Jumatano, akaja leo, anajua anavyosemwa, na bado akavua viatu mlangoni kila siku. Na lile la kuuza mashine? Hakuuliza tena. Uso ulimuwaka moto.

"Nisamehe, Shem," akasema. "Nimekukosea sana. Sikuwa na..." Akachukua simu, akampigia mama mkwe, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie. Akaeleza yote: flashi, nyimbo, kosa lisilo na hila ndani yake. "Mwanao hana hatia, mama. Ni mimi niliyeharakisha."

"Nashukuru kusikia hivyo, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ila mimi nimeshawaambia shangazi zake. Wote wanne. Na mkubwa jana alikuwa kwenye kikao cha ukoo."

Simu ikakatika. Shemeji alikuwa anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Mkaguzi akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, akatafuta namba, akaiweka mezani mbele ya Mama Nakshi, karibu na mashine inayoshona.

"Anza na shangazi mkubwa," akasema. "Nembo thelathini zina muda mrefu, dada. Sisi tupo."