Kimya Baada ya Hodi

Filamu ile ilianza maisha yake juu ya shuka. Si kitambaa maalumu cha sinema, la. Shuka ya kitanda, nyeupe, yenye mshono katikati, iliyobanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ndani ya darasa la chuo cha udereva. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, lakini jua la alasiri halina adabu, likapenya pembeni na kuchora mistari sakafuni. Kwa hiyo watazamaji wa kwanza waliiona kama mtu anavyoona ndoto ya mchana: unajua fika kwamba uko macho, na hutaki mtu akuguse.

Aliyeitengeneza aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yake, na jina likamganda hata alipofikia umri wa kuvaa miwani. Aliiandika mwenyewe, akaipiga kwa kamera ya kuazima, akaihariri kwenye kompyuta iliyokuwa ikipata moto kiasi cha kukausha soksi. Mfadhili hakuwa naye. Alikuwa na dada yake.

Dada ndiye aliyeigiza nafasi kuu: mwanamke aliyeondoka kwao zamani kwa hasira, akarudi mchana mmoja bila taarifa. Filamu nzima ni mwanamke huyo akitembea kuelekea nyumbani, taratibu, akisimamishwa na kila kitu. Kivuli cha ukuta, redio ya jirani, paka anayejilamba. Mwisho anafika mlangoni. Anabisha hodi. Kimya. Anabisha tena, kisha anatega sikio, anatabasamu, anaingia. Basi, filamu imekwisha.

Sasa, tabasamu lile ndilo lililoleta yote haya. Baada ya hodi ya pili ilitakiwa isikike sauti ya mama mzee kutoka ndani, ikimkaribisha. Bibi mmoja mwigizaji alikubali kuja kuisema, lakini siku yenyewe akaitwa kwenye tangazo la sabuni, naye bila haya akaifuata sabuni. Kitinda alitaka kuahirisha.

"Ya nini?" Dada akamwambia. "Wewe washa kamera. Mimi nitamsikia. Sauti utaiweka baadaye."

Akasimama mbele ya mlango, akabisha, akaisikia sauti ambayo haikuwepo, akatabasamu. Nyuma ya kamera Kitinda alisisimka mwili mzima.

Hiyo baadaye haikufika. Dada aliugua ugonjwa wa haraka, usiompa mtu nafasi ya kuuzoea, akafariki filamu ikiwa bado vipande vipande. Kitinda aliimalizia akiwa na macho mekundu, na alipofika kwenye kile kimya baada ya hodi ya pili, kimya kirefu cha kutosha mtu kumeza mate mara tatu, aliondoa mikono kwenye kompyuta. Hakuweza kumtia mtu baki ndani ya nyumba ile. Akakiacha kama kilivyo.

Siku ile ya chuo cha udereva Mama alikaa mstari wa mbele, chini ya picha za alama za barabarani, mkoba mapajani. Hakulia. Alimtazama mwanawe akitembea kwenye shuka kama mtu anayemtazama mgeni wake kwa mbali akija, akimhesabia kona. Dada alipobisha mara ya pili, Mama akaitika kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliye jikoni na mikono ina unga:

"Karibu, mwanangu, ingia!"

Na Dada, pale kwenye shuka, akatega sikio, akatabasamu, akaingia.

Halafu watu wakaanza kulia, wengine wakicheka papo hapo, na mwalimu wa udereva, mtu mwenye sura ya kufelisha watu, akatoka nje akisema ameingiwa na vumbi. Kitinda alibaki ameishika meza ya projekta kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo Mama hakukosa onyesho hata moja.

Filamu ikawa inatembea kwa mdomo. Mtu akishaiona, husema, "Sisi kazini tuna chumba," na juma linalofuata Kitinda na Mama wako njiani, diski imefungwa kwenye soksi ya sufi ndani ya kopo la biskuti, shuka imekunjwa, vibanio kwenye mfuko wa plastiki. Kila mtazamaji aje na kiti chake na atoe alicho nacho. Walionyesha kwa mafundi cherehani, mashine zikiwa zimefunikwa zimejipanga kama na zenyewe zimekuja kutazama. Walionyesha kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi. Walionyesha kwenye ghala la magodoro, na huko hakuna aliyeleta kiti. Watu walijilaza juu ya magodoro mapya ndani ya plastiki zake, plastiki zikilia kila mtu anapojigeuza, mwanga wa projekta ukielea juu yao pamoja na nyuzi za pamba. Nusu yao walishalala filamu ilipofika mlangoni. Dada alibisha, Mama akaitika kama kawaida yake, na mzee mmoja aliyekuwa akikoroma kwa raha zake akasema naye, usingizini, "Karibu," akaendelea kukoroma. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Walipokuwa wakirudi alikuwa bado akicheka, na Kitinda akagundua kwamba ulikuwa umepita muda mrefu hajaisikia sauti hiyo.

Lakini magoti ya Mama yalikuwa yamekula chumvi nyingi kuliko yeye mwenyewe. Ngazi zikawa adui. Daktari akamkataza safari ndefu. Na hapo Kitinda akaliona jambo ambalo alikuwa akilikwepa: filamu yake haiwezi kwenda mbali kuliko miguu ya mama yake.

"Tutume diski tu, Mama," alijaribu siku moja. "Wataonyesha wenyewe."

"Umpeleke mwenzio peke yake?" Mama aliuliza. "Abishe hodi kwa watu, wakae wanamtazama tu na vinywa vyao? Nani atamwitikia?"

"Mama, ni filamu."

"Najua ni filamu. Sijasema si filamu. Nimeuliza nani atamwitikia."

Kitinda akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ndipo akatokea meneja wa kumbi za sinema. Kumbi za kweli, zenye viti vya kukunja na zulia linalomeza hatua. Mkewe alikuwa muuguzi. Aliiona filamu kwenye kile chumba cha mapumziko na hakumpa mumewe raha mpaka naye akaitazama. Meneja akamwita Kitinda ofisini, akamkalisha.

"Ni nzuri," alisema. "Nitaiweka kwenye ukumbi wangu mmoja. Ikishika, nitaizungusha kwenye kumbi zote, itakaa miaka. Ila kile kimya cha mwisho kijaze. Watu watadhani mitambo imeharibika. Tafuta sauti, weka."

Kitinda alirudi nyumbani roho ikiwa juu juu. Hili ndilo alilokuwa akiliota tangu Dada alipokuwa hai: filamu ikae, isife juu ya shuka. Na sauti ilikuwepo, pale pale sebuleni, ikilalamikia magoti. Akiirekodi, Mama atakwenda na Dada kila mahali bila kupanda ngazi hata moja. Alijishangaa kwa nini hakuwahi kuliwaza hilo.

Akamwita rafiki yake, fundi wa sauti, ambaye alikuja na maiki yake na kusema hataki kitu ila chai. Walichagua kabati la nguo, kwa maana nguo humeza mwangwi, na kabati ndiyo studio ya asiye na studio. Lilikuwa kabati la Dada. Magauni yake yalikuwa bado yananing'inia, na Mama alikaa kwenye kigoda, uso katikati ya mikono ya magauni, maiki mbele yake.

"Haya, Mama," akasema fundi. "Sema."

"Karibu, mwanangu, ingia," akasema Mama, kwa sauti ya mtu anayeita wateja.

Walirudia. Mara hii ilikuwa sauti ya mshereheshaji.

"Sema kama unavyosema siku zote," Kitinda akamsihi.

"Siku zote huwa nimebishiwa hodi," Mama akajibu kwa hasira. "Hapa mnanitaka nikaribishe magauni."

Fundi akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, mtu asimlaumu. Akamvika Mama hedifoni, akamwekea kile kipande cha filamu. Kitinda aliuona uso wa Mama ukilegea. Hodi ya kwanza. Ya pili. Mama hakuitika. Alizivua hedifoni, akaziweka taratibu juu ya viatu vya Dada, akainuka kwa shida akishikilia magauni, akapita katikati yao kana kwamba hawapo, akaenda kufungua mlango wa mbele.

Nje kulikuwa na alasiri tu. Nguo za jirani kwenye kamba, baiskeli ikipita, jua likiwa jeupe kwenye ukuta wa mbele. Mama alisimama ameushika mlango. Nyuma yake fundi alianza kukunja nyaya bila kuambiwa.

Kitinda alikwenda akasimama naye.

"Nilijua hayupo," Mama akasema. "Msidhani nimechanganyikiwa. Ila miguu ilitangulia."

Kesho yake Kitinda alimpigia meneja, akamwambia kimya kitabaki. Meneja akashusha pumzi ndefu.

"Alasiri moja," akasema. "Jumatano. Watu wakilalamika, tusijuane."

Mama hakugomba. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa mji mwingine na yeye hakuweza kwenda, aliuliza kitu kimoja tu.

"Atafika mlangoni saa ngapi?"

"Saa kumi na robo hivi."

"Basi na mimi nitakuwa mlangoni."

Jumatano ikafika. Ukumbi haukujaa, ila haukuwa mtupu. Watu wa kawaida waliokimbia jua, wenye bisi zao na simu zao. Kitinda alikaa nyuma kabisa, karibu na meneja. Alipomwona Dada kwenye pazia lile kubwa lisilo na mshono alishtuka, kwa maana hakuwahi kumwona mkubwa namna ile. Vinyweleo vya mkono wake vilionekana. Alitembea polepole, na ukumbi ukaanza kutembea naye. Simu zikazimwa moja moja, kutafuna kukakoma, hata kile kibaridi cha kiyoyozi kikawa kama upepo wa mtaa ule anaopita. Kivuli. Redio. Paka. Kitinda alijiahidi kwamba hodi ikibishwa ataitika yeye. Ndiyo sababu ya kuja. Mama asiwe na wasiwasi.

"Hodi," akasema Dada.

Ukumbi kimya. Mtu alikohoa.

Kitinda alifungua kinywa. Hapo ndipo alipogundua kwamba katika maonyesho yote yale hakuwahi kumwitikia dada yake hata mara moja. Siku zote alikuwa nyuma, kwenye kamera, kwenye projekta, akishika mitambo. Sauti ilikataa. Ilikataa kabisa, na machozi yakaja badala yake.

"Hodi," Dada akasema tena, na kile kimya kikaanza.

Kikawa kirefu. Kikawa kirefu kupita kawaida. Meneja alijigeuza kitini, akamtazama Kitinda kwa jicho la nilikwambia. Huko mbele watu wakaanza kutazamana, na Dada amesimama pale, mkubwa kama nyumba, mkono bado uko mlangoni, anangoja.

"Jamani!" ikasikika sauti kutoka viti vya katikati, sauti ya mzee aliyekasirika kweli kweli. "Hamsikii mtu anabisha? Karibu, mwanangu! Ingia ndani!"

"Karibu!" mwanamke akadakia.

"Karibu, pita!"

Wakaitika wote, huku na huku, wengine wakicheka, wengine si kwa kucheka, karibu juu ya karibu. Meneja naye lilimtoka kabla hajajizuia, kisha akajikohoza. Na Dada akatega sikio, akawasikia, akatabasamu, akaingia.

Taa zilipowaka hakuna aliyeuliza kuhusu mitambo. Meneja alijipangusa uso kwa leso, akasema kimya kisiguswe, na kwamba siku ya Jumatatu filamu inaanza kwenye kumbi zote. Kitinda alimshukuru, akatoka mbio kuwahi gari la kurudi.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mlango ulikuwa wazi, na Mama alikuwa kwenye kiti katikati yake, mkoba mapajani, kama vile yuko mstari wa mbele.

"Alibisha?" Mama akauliza.

"Alibisha."

"Wakamwacha amesimama?"

"Hawakumwacha, Mama. Waliitika ukumbi mzima. Wa kwanza ni mzee mmoja, hata simjui."

"Alisemaje?"

"Alisema, karibu, mwanangu, ingia ndani."

Mama alilirudia hilo neno polepole, mwanangu, kama anayeonja kama chumvi imekolea. Kisha akanyoosha mkono. Kitinda akampa mfuko aliokwenda nao kwa mazoea, naye akaitoa shuka, akaipeleka mwenyewe chumbani, akaitandika kwenye kitanda cha Dada, akaunyoosha ule mshono kwa kiganja. Aliporudi alimkuta Kitinda bado amesimama kizingitini, analia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia tangu msiba.

"Ingia, mwanangu," akasema Mama. "Ingia, ufunge mlango. Wote mmeshafika."