Ugonjwa au Msiba

Du.

Kimya kidogo, kisha tena: du. Kila muhuri ulipogonga meza nyuma ya mlango, mtoto alishtuka ndani ya mbeleko, vidole vikitanuka kama vya mtu anayeanguka. Alikuwa na siku kumi na tisa. Mama yake alimpigapiga mgongoni, akatazama foleni iliyobaki mbele yake.

Wenzake walimwita Darubini, kwa sababu mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kukisimamisha chombo cha kupimia ardhi, chenye darubini, juu ya miguu yake mitatu kikatulia tuli. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na miguu yake mwenyewe miwili ilitetemeka. Mshono ulimvuta kila alipobadili mguu. Benchi halikuwapo. Lilikuwapo zamani, alisema kijana wa mbele yake, wakaliondoa kwa sababu watu walikuwa wanalikalia.

Siku ya mtihani wa upimaji, Darubini alikuwa chumba cha uzazi. Baba wa mtoto, mwanafunzi wa darasa hilohilo, aliufanya mtihani siku ile, akatoka, akaenda kulala. Hakuna aliyemwuliza kitu. Darubini asipopata ruhusa ya kuufanya baadaye, jina lake lingefutwa leo saa sita mchana, na chuoni hapo aliyefutwa harudi. Ndiyo maana tangu alfajiri alikuwa njiani: zahanati kuchukua barua, dukani kununua sabuni ya nepi, kwenye fotokopi kutoa nakala ya fomu, kisha nakala nyingine, maana ile ya kwanza mtoto aliikojolea.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo."

"Marahaba," alisema karani. "Na huyo mwenzako anasoma kozi gani?"

Watu mlangoni wakacheka. Karani alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, kidole gumba kimekolea wino. Akaisoma barua ya zahanati kwa sauti, wote wasikie: "Amejifungua salama. Mama na mtoto ni wazima kabisa." Akaiweka mezani. "Hongera. Sasa ugonjwa uko wapi?"

"Sikuumwa, mzee. Nilijifungua."

"Fomu ina sehemu mbili." Aliigeuza imwelekee. "Ugonjwa. Au msiba wa ndugu wa karibu. Nionyeshe palipoandikwa kujifungua."

Hapakuwapo.

"Kwani walioitunga hawakuzaliwa?"

Hakuna aliyecheka. Karani akaonyesha dari kwa kalamu. "Wako ghorofa ya nne. Panda ukawaulize. Ukishuka, unaanza nyuma ya foleni. Au niletee barua ya ugonjwa. Anayefuata."

Ilikuwa saa tano na robo. Kwa mtu asiye na mshono, zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Yeye alitumia ishirini, mkono mmoja chini ya kitako cha mtoto, mwingine umeshika mfuko wa sabuni.

Muuguzi aliyemzalisha alikuwa ananawa mikono.

"Niandikie kwamba niliumwa, dada."

"Uliumwa nini?"

"Chochote."

Muuguzi alijikausha kidole kimoja kimoja. "Mwenzangu alisimamishwa kazi kwa barua ya namna hiyo. Waliomshtaki ni haohao wa chuo chenu. Kuzaa si ugonjwa, mdogo wangu. Ulitoka hapa mzima, nami nimeandika mzima." Macho yake yakashuka sakafuni. "Na usitembee mbio hivyo. Unavuja."

Damu ilikuwa imefika kwenye kisigino. Darubini alipokea pamba, akajifuta nyuma ya pazia, akaondoka mbio vilevile.

Saa sita kasoro dakika nne, ukumbi ulikuwa mtupu. Karani alikuwa anafunga droo.

"Nilijua utarudi," alisema. "Barua?"

"Amekataa."

Karani alishusha pumzi, akaifungua droo tena. "Mimi si mtu mbaya. Mwaka jana alikuja binti kama wewe. Wake alizaliwa amekufa. Nilimmalizia shughuli yake dakika mbili." Akaisogeza fomu mbele, kidole chenye wino kikatua kwenye sehemu ya pili. "Msiba hauhitaji barua. Unahitaji jina tu. Wafiwa huwa tunawaamini."

Darubini alikitazama kidole. Alichelewa kuelewa, na alipoelewa, alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Yuko hapa, mzee. Anapumua."

"Mimi nina macho. Fomu haina." Akatazama saa ukutani. "Dakika mbili."

Mtoto alikuwa ameamka, akitafuta ziwa kwa mdomo wazi juu ya kitambaa. Darubini akaichukua kalamu. Mkono ule ulioandika pembe na umbali miaka mitatu bila kufutafuta uliandika jina la marehemu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado hakijatoka. Hii ndiyo iliyokuwa karatasi ya kwanza kuandikwa jina hilo. Uhusiano: mtoto. Tarehe ya kifo. Hapo kalamu ikasimama.

"Weka siku ya mtihani," karani alimsaidia. "La sivyo haitakusaidia kitu."

Akaandika siku aliyozaliwa mtoto.

Du.

Mtoto akashtuka, akaanza kulia.

"Pole kwa msiba," alisema karani, kwa mazoea, huku akichana kipande cha chini cha fomu. Hakumpa. "Sikia sasa. Umebakiza miezi saba uhitimu. Siku mlinzi akimwona huyu ndani ya uzio, mimi sikujui, na wewe ni mghushi. Hutafutwa jina tu, utafungwa. Umenielewa? Sema nisikie."

Maziwa yalikuwa yamepenya gauni, ya moto, kisha baridi. Darubini aliivuta mbeleko juu, akakifunika kichwa cha mtoto, akakikandamiza kifuani mpaka kilio kikafifia.

"Hataonekana, mzee," alisema. Akanyoosha mkono kuchukua karatasi. "Nakuahidi. Hayupo."