Pesa ya Muguka

Wangechi alijua kwamba amefungiwa akaunti akiwa dirishani, watu wamejipanga nyuma yake. Alikuwa amekuja sacco, chama chao cha akiba na mikopo, kutoa karo ya Cheryl, bintiye aliyekuwa akisomea uuguzi Machakos. Karani aliangalia kompyuta, akaangalia tena, halafu akainua uso kwa haya.

"Mama Cheryl, ungeenda kwanza umwone meneja."

"Kwani kuna nini? Network imepotea tena?"

"Enda tu umwone, mama."

Nyuma yake watu waliokuwa wakipiga soga walinyamaza mara moja. Kunyamaza kwao ndiko kulikomwambia kwamba network haikuwa na makosa.

Meneja, Gedion, alikuwa kijana mpole aliyezaliwa papo hapo Kabati. Alimkaribisha kiti, akafunga mlango, akakaa akichezea kalamu kama mtu aliyesahau alichotaka kuandika.

"Mama, wewe hukuja mkutano mkuu."

"Nilikuwa na matanga Nyeri. Nilituma udhuru kwa karani."

"Ndiyo. Sasa, mkutano ulipitisha hoja. Mwanachama anayepata riziki yake kwa vitu vinavyoharibu vijana hataruhusiwa kuweka pesa hapa. Walitaja chang'aa, walitaja bangi." Akainamia kalamu yake. "Na muguka."

Wangechi alikuwa akiuza muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, hapo Kabati tangu mumewe, Mbugua, alipofariki. Mzigo ulimfikia kwa gari la Probox kutoka Embu, yeye akaugawia wenye vibanda. Haikuwa siri. Hata pasta alipotaka mchango wa mabati ya kanisa, kibanda cha Wangechi alikipitia mapema.

"Muguka si haramu kwa serikali," alisema. "Nina leseni ya kaunti."

"Najua, mama."

"Nani alileta hiyo hoja?"

Gedion aliangalia dirisha. "Mama Mwau."

Wangechi alishika ukingo wa meza. Mama Mwau, yaani Kaluki, ndiye aliyekuwa na kibanda cha mitumba kilichopakana na chake. Mbugua alipofariki, Kaluki alihamia kwake na blanketi lake, akalala naye hadi alipoweza kulala peke yake. Kaluki ndiye aliyemshika mkono akamleta katika ofisi hii na kusema, huyu ni dada yangu, muandikeni. Katika mji huu wa kaunti ya Kitui, ambako Wangechi alikuwa bado anaitwa "yule Mkikuyu", Kaluki alikuwa wa kwanza kumwita kwa jina.

Halafu ndipo alipougua Mwau, kitindamimba wa Kaluki. Alikuwa kijana wa bodaboda, mcheshi, anayejulikana stendi nzima. Alianza kutafuna muguka ili abebe abiria usiku kucha. Usingizi ukamwisha, maneno yakamwisha, akaanza kugombana na watu ambao hawakuwapo. Siku moja alimwaga petroli ya pikipiki juu ya nguo za mamake akitafuta nyoka, na watu walimshika kabla hajawasha kiberiti. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mkopo uliomlaza huko ulitoka sacco hii. Mdhamini wa mkopo huo alikuwa Wangechi.

Gedion ni kama alisoma mawazo yake. "Kuna jambo jingine, mama. Akiba yako utapewa. Lakini hisa zako nyingi haziwezi kutoka, kwa sababu zimemdhamini Mama Mwau."

Wangechi alicheka bila kupenda. "Sasa Gedion, niambie mimi nielewe. Pesa yangu ni chafu ya kuwekwa, lakini ya kudhamini ni safi?"

"Hata mimi niliwauliza hivyo. Nikaambiwa mimi ni mwajiriwa, nikae chini." Alishusha sauti. "Ukitaka kujitoa udhamini, ni haki yako. Yeye atatafuta mtu mwingine. Asipopata, mkopo wote utaitishwa mara moja."

Kalamu ilikuwa pale mezani. Wangechi aliiangalia kwa muda, akachukua mkoba wake akatoka.

Alimkuta Kaluki akitundika sweta za watoto. Kwa kawaida angemwita akiwa mbali, na Kaluki angejibu kwa kelele. Leo hakuna aliyemwita mwenzake.

"Mama Mwau, ulijua nauza muguka tangu lini?"

Kaluki hakugeuka. "Tangu siku ya kwanza."

"Na karatasi ya mkopo ulinipa nisaini nikiwa nafunga muguka. Nilipangusa mikono kwa kanga yako."

"Ndiyo."

"Ulijua wakinifungia, huo mkopo wako utayumba?"

Hapo Kaluki aligeuka. Uso wake ulikuwa umekonda, na macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. "Nilijua. Usinidhani mimi ni mjinga. Asubuhi ya mkutano nilitoka kumwona Mwau. Alinisalimia vizuri sana, Wangechi, kwa heshima. Akaniuliza nimetoka wapi, na kama nina watoto." Alikunja sweta aliyoishika, akaikunjua. "Nilipofika mkutanoni wakauliza kama kuna jambo lingine. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Ungekuwa wewe, ungeuzuia?"

Wangechi aliokota sweta iliyokuwa imeanguka, akampa.

"Na mimi nikuulize," Kaluki alisema. "Ulimuuzia?"

"Mimi sijawahi kumpa Mwau mkononi. Mungu anajua. Lakini nauzia vibanda, na vibanda vinauzia watu. Nikikuambia alichotafuna hakikupita kwangu, nitakuwa nakudanganya."

Kaluki alitikisa kichwa polepole, akarudia kutundika nguo. Wangechi aliingia kibandani kwake. Siku nzima walikaa hivyo, pazia la gunia katikati yao, kila mmoja akisikia mwenzake akikohoa.

Cheryl alipopigiwa simu alisema angeweza kuomba chuo kimvumilie. Wangechi alikataa. Akiba yake ilitosha karo. Kilichomnyima raha hakikuwa pesa. Tangu habari ienee, watu wa kanisani walimsalimia kwa haraka, kama wanaoogopa kuambukizwa kitu. Mtu mmoja, mteja wake wa miaka, alimwambia bila haya kwamba sasa Kabati itakuwa safi. Alisema hayo akiwa anasubiri chenji ya muguka.

Alipanda gari hadi Kitui mjini, kwa afisa wa ushirika wa kaunti. Afisa, mama wa makamo aitwaye Kalunde, alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi mwenyewe siupendi muguka," alisema. "Nina vijana nyumbani. Lakini mwanachama hafukuzwi kama kuku aliyeingia jikoni. Anaitwa, anasomewa kosa, anasikizwa, ndipo watu wapige kura. Hayo hawakufanya." Alichukua simu mbele yake akampigia mwenyekiti wa sacco. Walikubaliana mkutano urudiwe.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Siku hiyo hata wale ambao huwa hawaji walikuja. Wangechi aliketi mbele peke yake. Kaluki alikuwa upande wa pili, karibu na mlango.

Mwenyekiti alimpa nafasi. Wangechi alisimama, akajikuta hotuba aliyoipanga imepotea yote.

"Mimi sikuja kuutetea muguka," alianza. "Mnaniona hapa, nimelea mtoto wangu na huo muguka, na bado sitaki yeye autafune. Hilo nalijua, na linaniuma. Nikipata biashara nyingine ya kunilisha nitaifanya. Lakini nilipoingia hii sacco hamkuniuliza nauza nini. Mliniuliza kama nitalipa. Nililipa. Nikakopa, nikalipa tena. Mkiona nimekosa, niiteni mniambie kwa uso wangu. Msinifungie nikiwa kwa matanga, nije nijulie dirishani kama mwizi."

Aliketi.

Nyuma ya ukumbi alisimama Muindi, mwenye duka la jumla, mtu mnene wa sauti nzito. "Mwenyekiti, nina swali. Mimi nauza sigara. Nauza pia sukari, na ninajua vizuri sana wale akina mama wapika chang'aa wa mtoni huifanyia nini. Sasa nikae, ama na mimi nitoke mapema kabla ya kuitwa?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema yeye amepangisha nyumba kwa mwenye baa. Mwingine akasema shemeji yake anachoma makaa. Kicheko kikakua hadi mwenyekiti akagonga meza.

"Mnacheka!"

Alikuwa Kaluki. Alikuwa amesimama, kitambaa cha kichwa kimemtoka.

"Mnacheka, na mimi nina mtoto hanijui! Mnasema sigara, mnasema sukari, kila mtu anataka asiwe yeye. Basi ni nani? Nikimuuliza polisi, ananiambia ni halali. Nikimuuliza pasta, ananiambia niombe. Kaunti inachukua leseni. Nilitaka mahali pamoja tu, hata kama ni pa kuweka pesa, ambapo watu wangesema hapa hapana. Mahali pamoja!"

Hakuna aliyecheka tena. Wangechi aliinuka nusu amwendee, akaketi tena. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba kila neno la Kaluki lilimwingia, na hata moja hakuweza kulipinga.

Mwenyekiti alingoja hadi Kaluki alipoketi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Mwau, kuna kitu kingine unataka mkutano ujue?"

Kaluki alipangusa uso. "Mjue tu kwamba Wangechi ndiye mdhamini wangu," alisema. "Na tangu siku ile angeweza kujitoa, nami ningekwisha. Hakujitoa. Hilo ni kweli na siwezi kulificha. Lakini hoja yangu siiondoi."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Kaluki aliinua wake kumpinga Wangechi, juu kabisa, bila kujificha. Gedion alihesabu mara mbili maana tofauti ilikuwa ndogo. Akaunti ya Wangechi ilirudishwa. Muindi alianza kupiga makofi, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Wangechi alipotoka nje kumtafuta Kaluki, alikuwa ameshaondoka.

Alishinda, lakini usiku huo hakuhisi kama mtu aliyeshinda. Kila alipogeuka kitandani alikumbuka lile neno, mahali pamoja. Na kila alipolikumbuka, kibanda cha Nderitu kilimjia. Nderitu alikuwa na kibanda karibu na lango la shule ya sekondari. Alikuwa mteja wake mzuri, wa kulipa taslimu, na mtu wa kwao. Wangechi hakuwahi kumuuliza kwa nini mauzo yake hupanda saa wanafunzi wanapotoka. Alijua kwa nini, ndiyo maana hakuuliza.

Mzigo ulipofika asubuhi, alimwendea mwenyewe.

"Nderitu, kuanzia leo sikuletei."

"Nimekukosea nini, Mama Cheryl?"

"Hujanikosea. Unauzia watoto, na mimi ndiye nakupa."

Nderitu alicheka. "Wamekutisha huko kwa sacco? Si ulishinda? Kaveke naye anauza, mimi nitanunua kwake, na hao watoto watatafuna tu. Wewe utakuwa umeokoa nani?"

"Nunua kwa Kaveke," Wangechi alisema. "Kwangu hapana."

Alirudi sokoni akijua Nderitu amesema nusu ya ukweli. Mapato yake yalipungua wiki hiyo, na kibanda cha langoni hakikufungwa hata siku moja. Lakini habari husafiri sokoni. Baada ya siku chache alisikia kwamba Kaluki na wamama wengine wawili walimfuata Kaveke wakamkalia kibandani hadi naye akasita kumuuzia Nderitu. Aliyemwambia Kaluki jinsi Nderitu alivyokataliwa, Wangechi hakumjua, na hakuuliza.

Siku ya kumwona Mwau hospitalini ilipofika, pazia la gunia lilifunguliwa kidogo. Kaluki alikuwa amevaa nguo ya kanisani, mfuko wa chakula mkononi.

"Yule msichana wa kuniuzia hajakuja," alisema, bila salamu. "Utaniangalizia nguo?"

"Nitaangalia."

"Zile koti za nyuma usipunguze bei. Watu wakikuona wewe watadhani hujui."

"Enda, utachelewa gari."

Siku nzima Wangechi alikuwa akitoka kibanda hiki akiingia kile. Aliuza makoti mawili kwa bei aliyoambiwa. Kaluki aliporudi jua lilikuwa limelegea. Aliketi juu ya furushi la nguo, akavua viatu, akasugua vidole vya miguu. Wangechi alimmiminia chai kutoka kwa chupa yake, akangoja. Hakutaka kuuliza.

"Leo amekula," Kaluki alisema mwishowe. "Amekula isyo yote niliyobeba. Halafu akalalamika."

"Alilalamika nini?"

"Ati mahindi ni mengi, maharagwe ni machache. Ati, mama, siku hizi umekuwa mchoyo."

Wangechi aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, lakini Kaluki alikuwa ameliona. Alipiga funda la chai. "Usicheke," alisema. "Ile hoja nitaileta tena mwaka ujao."

"Ilete. Nitakuwa nimekaa pale mbele."

Kaluki alimnyooshea kikombe amwongezee.