Baba Hatafuni

Mume wangu, Mzee Ndyamukama, nilimdanganya kwamba tunakwenda Bukoba kupima macho yangu. Macho yangu hayana shida yoyote. Namwona anayeniibia ndizi hata akiwa ng'ambo ya bonde. Lakini ningemwambia kwamba tunakwenda makumbusho ya sanaa ya kisasa kutazama kazi ya mwanawe Josia, ghafla angekumbuka kwamba migomba inataka kupaliliwa.

Josia alipoacha chuo cha kilimo ili awe msanii, baba yake alitangaza mbele ya mchungaji na ukoo mzima kwamba hatatafuna tena kahawa kutoka mkononi mwake. Kwetu Izigo hilo si neno dogo. Ukiingia nyumba ya mtu unaletewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya harufu, na ukiikataa kila mtu anajua kuna jambo. Krismasi tatu mfululizo mwanangu amepiga magoti na kikapu, na Krismasi tatu baba yake ametazama dari. Dari letu ni zuri, lakini si zuri kiasi hicho. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa kwamba mmoja wao atakufa kabla hawajapatana.

Tulipofika Bukoba nikamwambia daktari wa macho bado hajafika, tupitishe muda kwenye jumba hilo. Mlangoni tulipokelewa na binti aitwaye Nancy, suti nyeusi, kiatu kirefu. "Karibuni sana. Msiguse kitu chochote." Ndivyo wanavyokaribisha wageni siku hizi.

Chumba cha kwanza kilikuwa na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu, kimefungiwa ndani ya kioo.

"Magdalena," Mzee akaninong'oneza, "hiki si kama kile nilichotupa nyuma ya choo?"

"Kile hakikuwa na kioo," nikamjibu.

Chumba cha pili kilikuwa na kitambaa cheupe, kikubwa kama shuka la harusi, hakina hata doa. Nancy alieleza kwamba kinazungumzia ukimya. Mzee alieleza kwamba kinazungumzia mtu aliyeishiwa rangi. Cha tatu kilikuwa na televisheni inayomwonyesha bwana mmoja akimenya kiazi kimoja kwa dakika arobaini. Mzee alivumilia dakika tano kwa heshima, kisha akauliza kama bwana huyo hana ndugu wa kumsaidia. Mimi nilicheka kidogo tu, maana macho yangu yalikuwa kwenye mlango uliofuata. Chumba cha nne ndicho cha Josia.

Humo sakafu nzima ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi, kama sebule zetu siku ya ugeni. Katikati palikuwa na kigoda, na mbele ya kigoda kikapu kidogo. Mbele ya vyote kamba nyekundu.

Uso wa Mzee ukafunguka. Baada ya saa nzima ya upuuzi, hatimaye alikuwa amefika nyumbani kwa watu. Akabisha hodi. Akavua viatu, akavipanga mlangoni, akainua kamba nyekundu kama anavyoinua ile ya kuanikia nguo, akapita chini yake. Akaketi. Akanyoosha mkono kikapuni, akachukua punje mbili, akatafuna.

Nilipaswa kumzuia. Mdomo wangu, ambao kijiji kizima kinaulalamikia, siku hiyo nikauziba kwa kiganja.

"Mzee!" Nancy alipiga kelele. "Unakula sanaa!"

"Nakula kahawa, mwanangu. Na aliyeichemsha amelelewa vizuri. Mwenye nyumba ni nani?"

Nancy alikuwa ameshika simu akimwita msanii, huku akilalamika kwamba saa sita kamati inakuja kukagua. Mzee akaona kibao ukutani. "Nisomee, Magdalena. Sikuja na miwani."

Nilifikiria kudanganya tena, lakini kwa siku moja nilikuwa nimeshatosheka. Nikasoma: "Baba Hatafuni. Nyasi, kigoda, kahawa. Josia Ndyamukama."

Taya lake likasimama.

Josia akaja mbio, akafika mlangoni, akavua viatu kabla ya kukanyaga nyasi. "Shikamoo, taata." Baba yake hakuitikia. Shavu moja lilikuwa limevimba kwa kahawa, na macho yake yakaanza kutafuta dirisha. Nilijua anatafuta pa kutemea. Nikasema moyoni, ukitema, Ndyamukama, utajipikia mpaka siku ya kuzikwa.

Akalitazama dari la makumbusho, akashusha macho kwa mwanawe. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka. Akachukua kikapu kwa mikono miwili, akakinyoosha kwa mwanawe.

"Wewe ni mwenyeji wa namna gani," akasema, "unamwacha mgeni atafune peke yake?"

Josia akapiga magoti kwenye nyasi, akachukua punje moja. Wakatafuna wote wawili, bila haraka, wakichota na kuchota. Nancy akauliza saa sita ataionyesha kamati kitu gani, maana kikapu kilikuwa kinaelekea kwisha.

Mimi nilikuwa mlangoni, karibu na viatu vyao, nikijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mzee akaniona.

"Macho yanakuuma sana?"

"Sana," nikasema. "Si ndiyo maana tumekuja."