Kahawa Chini ya Mtoto

Mameya watatu walipokubaliana kwamba jiwe la mpakani, pale Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zinapogusana, lichongwe shairi, walimchagua bibi yangu kwa sababu moja tu: hakuna hata mmoja wao aliyeweza kulaumiwa kwamba amempendelea mtu wake. Bibi Ottilie alizaliwa Lammerath, upande wa Ujerumani. Watawa wa Moresel, upande wa Ubelgiji, walimfundisha kusoma kwa Kifaransa. Kisha akaolewa Hoogloo, Uholanzi, ambako alifundisha udereva hadi alipostaafu. Vijiji hivyo vimesongamana kiasi kwamba mtu akikosa mkate katika nchi moja huenda kuununua katika nchi ya pili akiwa bado amevaa ndara za nyumbani.

Bibi ameandika mashairi maisha yake yote, na kila jambo huliandika kwa lugha ambayo jambo lenyewe lilitokea: sala kwa Kifaransa, ugomvi wa ndoa kwa Kiholanzi, njaa kwa Kijerumani. Wachapishaji wa Ujerumani walimjibu kwa heshima kwamba sauti yake ina Uholanzi mwingi mno. Wa Uholanzi walisikia ndani yake Ubelgiji. Wabelgiji, ambao kwa kugawanyika lugha hata wenyewe kwa wenyewe hawasomani, walimshukuru kwa kuwakumbuka. Kijitabu alichokichapisha mwenyewe kimo katika maktaba za vijiji vyote vitatu, na katika zote tatu kimewekwa kwenye kabati la vitabu vya kigeni.

Kwa hiyo barua ya kamati ilipofika, mimi, mwanafunzi wa fasihi ninayeamini bado kwamba shairi linaweza kumfanya mtu awe mwema kidogo kuliko alivyoamka asubuhi, nililia. Bibi hakulia. Aliketi akaandika shairi moja kwa juma zima, akalifuta, akaliandika tena.

Lilimhusu mama yake, Threes. Baada ya vita, kahawa ilikuwa ghali Ujerumani, ya kunywewa Jumapili tu, na rahisi kwa majirani, na Threes alivuka mpaka kila wiki akisukuma kigari cha mtoto. Juu alilala mtoto, chini ya mtoto ikalala kahawa. Mtoto huyo ndiye Bibi. Katika shairi, Threes anapita kwenye tope la Ubelgiji, askari wa forodha wa Kijerumani anamsimamisha, anainama kumtekenya mtoto, anavuta pumzi, kisha anasema: mtoto wako ananukia Jumapili. Halafu anawaruhusu wapite.

"Mama alikuwa akipita hapa ameinamisha kichwa," Bibi aliniambia siku alipolimaliza. "Nataka apite mara moja mchana kweupe, kijiji kizima kikimtazama, ameinua kichwa. Sitaki kingine."

Nililipiga chapa shairi hilo nikaliwasilisha, nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Kamati ilikutana Moresel. Kila meya alikuja na keki ya wali wa maziwa, kwa kuwa kila kijiji kinaamini kwamba keki hiyo ni yake na kwamba wengine wawili waliiba. Kwa ajili ya amani, kila mjumbe alikula vipande vitatu vilivyolingana, akasifu vyote kwa maneno yaleyale. Nilidhani kwamba watu wanaoweza kula kwa haki namna hiyo hawatashindwa kusoma kwa haki.

Meya wa Hoogloo, Bwana Sjoerd Lemmens, ndiye aliyeanza. Alisema limemgusa sana, ila kahawa ile ilinunuliwa kijijini kwake, na shairi halisemi lolote kuhusu ubora wa maduka ya Hoogloo. Meya wa Moresel, Bi Solange Detry, aliuliza kwa upole kwa nini Ujerumani imepewa askari, Uholanzi imepewa kahawa, na nchi yake imepewa tope. Alipendekeza mandhari nzuri. Bibi alimwambia kwamba mandhari ilikuwepo, lakini mama yake alikuwa akitazama magurudumu.

Meya wa Lammerath, Bwana Rüdiger Huppertz, hakugusa tope. Alichukizwa na askari. Babu yake alikuwa wa forodha, na haiwezekani mtumishi wa serikali anuse magendo kisha atoe sifa. Alitaka askari aondolewe au akamate mtu.

"Akamate nani?" Bibi aliuliza. "Mimi? Nilikuwa na miezi minne."

Wa mwisho alikuwa Daktari Wenders, mshauri wa utamaduni aliyeletwa kutoka mjini. Huyu alilipenda shairi kuliko wote, na ndiye aliyelidhuru kuliko wote. Alieleza kwa muda mrefu kwamba mshairi wa kati ya tamaduni ni mti uliong'olewa, ni daraja linalovuja damu, na kwamba katika shairi hili haoni jeraha. Hatimaye akamwinamia Bibi na kusema kwa sauti ya hospitali, "Mama, uko wapi uchungu wa kutokuwa na kwenu?"

"Kwetu ni pale," Bibi alijibu, akinyoosha kidole dirishani. "Nyumba yenye mapazia ya kijani. Kama unatafuta uchungu, nina goti."

Niliandika kila pendekezo, kwa maana niliamini kwamba mazungumzo ya wazi huleta ukweli karibu. Yalileta njiwa. Katika kikao cha pili askari aliondoka, njiwa akatua mahali pake. Kahawa ikawa harufu ya urafiki, ili duka lolote lisidai kusahauliwa. Katika kikao cha tatu Bi Detry alipata mandhari yake, ndipo Bwana Lemmens akahesabu maneno na kugundua kwamba Ubelgiji sasa ina mengi kuliko Uholanzi, mandhari ikafutwa. Njiwa naye alifutwa, maana hawakuafikiana anaruka kutoka wapi. Daktari Wenders alisema kigari cha mtoto kinawatenga wasio na watoto. Kigari kikaenda.

Bibi alikubali kila badiliko kwa utulivu ulionitia hofu, hadi walipofika kwa Threes. Bwana Huppertz aliuliza jina hilo ni la nchi gani.

"Sikiliza, Rüdiger," Bibi alisema. Wote walijua kwamba yeye ndiye aliyemfundisha udereva. "Miezi sita nilikufundisha kurudi nyuma na hukuweza. Kwenye shairi langu unarudi nyuma bila hata kutazama kioo."

Walicheka wote, pamoja na Bwana Huppertz mwenyewe. Kisha wakapiga kura, jina likaondolewa. Kikao kilipofungwa, katika shairi zima palikuwa pamebaki sentensi moja: Alivuka. Hata hiyo ilijadiliwa, kwa kuwa mtu anayevuka huacha upande mmoja na kuchagua mwingine, lakini keki zilikuwa zimekwisha na watu walitaka kwenda nyumbani.

Njiani nilimsihi Bibi aondoe jina lake. Nilimwambia kwamba heshima ya sanaa haigawanywi vipande, na mengine ya namna hiyo ambayo bado nayaamini. Alijibu kwamba ameahidi kuja, na kwamba viatu vya siku hiyo ameshanunua.

Siku ya uzinduzi jua liliwaka na bendi za vijiji vitatu zilipiga kwa zamu. Sentensi ile ilikuwa imechongwa kwenye pande tatu za jiwe, kwa lugha tatu, kila upande ukitazama nchi yake. Daktari Wenders alitangaza kwamba mshairi atasoma, halafu hadhira itazungumza naye, kwa sababu shairi hukamilishwa na msikilizaji. Bibi alisimama mbele ya kipaza sauti.

"Alivuka," alisema.

Watu walisubiri. Bendi moja ilidhani ni zamu yake, ikanyamazishwa. Ndipo mzee mmoja wa Moresel, kwa kuwa aliambiwa ahojiane na mshairi, akauliza, "Nani?"

"Mama yangu. Anaitwa Threes," Bibi alisema, kichwa juu.

"Alivuka na nini?" aliuliza mwanamke aliyekuwa nyuma.

"Na kigari cha mtoto. Mimi ndani, kahawa chini yangu."

Kicheko kilipita toka nchi hadi nchi. Mtu akauliza walipita wapi, naye akawapa tope, lote. Mwingine akauliza kuhusu forodha. Bwana Huppertz aliinuka, akakohoa, akasema kwamba muda wa maswali kwa bahati mbaya umekwisha.

"Kaa chini, Rüdiger," alisema mama yake, kikongwe wa miaka tisini aliyeketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. "Kitanda ulichozaliwa juu yake kilinunuliwa kwa kahawa kama hiyo. Unadhani nani aliibeba, kama si mimi? Babu yako alikuwa akigeuka kufunga viatu."

Meya aliketi. Bibi akasimulia habari za askari na Jumapili yake, na hapo uwanja ukamponyoka. Mwanamke wa Hoogloo akapaza sauti kwamba wa kwao walivuka na siagi. Mwingine akasema siagi ilikuwa baadaye, kwanza ilikuwa sigara. Wazee wawili waligombana juu ya njia ya msituni, wa tatu akamlilia shangazi aliyepigwa risasi mguuni kwa ajili ya mfuko mmoja, na watoto wakawa wanauliza wazazi wao mambo ambayo wazazi hawakuyajua. Mameya, walipoona watu wamefurahi, walipigana picha. Daktari Wenders alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema kwamba ufupi ule ulikuwa wazo lake.

Bibi alikuwa bado amesimama kwenye kipaza sauti, mdomo wazi. Shairi lilikuwa na mstari mmoja zaidi baada ya askari, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Alingoja kidogo, akaufunga mdomo, akashuka.

Ndani ya gari nilikasirika kwa niaba yake. Nilisema wamemnyang'anya hitimisho, tena mbele ya macho yake, kwa ajili ya siagi.

Bibi alivua viatu vipya akaanza kusugua vidole vya miguu.

"Mstari ule ulikuwa dhaifu tangu mwanzo," alisema. "Nilikuwa sijui niumalize vipi."